Kuchangisha fedha za kituo cha mafunzo na utafiti wa macho: anza na mishahara, matofali yatafuata

Simama kanisani au msikitini useme kuna bibi mtaani ana mtoto wa jicho, haoni hata mlango wa nyumba yake, na operesheni moja itamrudishia nuru. Kabla hujakaa, watu wameshatoa. Sasa simama palepale useme unatafuta fedha za maabara, darasa na mishahara ya watafiti wa macho. Utawaona wanainamia simu zao.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya ombi hilo la pili. Nauandika nikiwa na Tanzania kichwani, kwa kuwa ndiko nilikokaa kwenye kamati za namna hii, ila mengi yatamfaa pia aliye Kenya au Uganda.

Hatua ya 1: Andaa hoja yenye watu ndani yake

"Kituo cha kisasa chenye hadhi ya kimataifa" ni maneno yaliyomo kwenye kila andiko la mradi, na hakuna aliyewahi kuyatolea pesa. Anza na hesabu ambayo msikilizaji anaweza kuifanya mwenyewe. Dira ya 2020, mpango uliozinduliwa mwaka 1999 na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika yanayopambana na upofu, uliiwekea Afrika lengo la daktari bingwa wa macho mmoja kwa kila watu 250,000. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61. Gawanya: Tanzania inahitaji mabingwa kama 247 ili kufikia lengo ambalo muda wake umeshapita. Nenda wizarani ukaulize waliopo leo ni wangapi na wako mikoa gani. Toa waliopo kwenye wanaohitajika, na jibu lake ndilo sentensi ya kwanza ya ombi lako. Fanya hivyo hivyo kwa mkoa wako peke yake. Mara nyingi namba ya mkoa huuma zaidi kuliko ya taifa.

Kisha mgeuze mwanafunzi awe macho ya watu. Mpasuaji mmoja akipasua macho 400 tu kwa mwaka, akafanya kazi miaka 25, ni macho 10,000. Anayelipia operesheni moja amemsaidia bibi mmoja, naye abarikiwe. Anayelipia mafunzo ya mpasuaji mmoja amewasaidia mabibi wa wilaya nzima, wakiwemo ambao leo bado ni wasichana. Hesabu hii iseme kwa sauti na usiipambe.

Utafiti ndio unaowashinda wengi kuueleza, na hapo ndipo napendekeza uchukue muda. Usiseme "utafiti ni muhimu". Simulia kisa cha Moshi, mkoani Kilimanjaro. Pale hospitali ya KCMC walichukua wagonjwa wa presha ya macho, ugonjwa unaokula mshipa wa fahamu wa jicho polepole bila maumivu, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilipewa matone ya timolol, ambayo mgonjwa huyatia kila siku maisha yake yote. Kundi la pili lilipigwa mwanga wa leza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet Global Health: baada ya mwaka mmoja, macho 61 kati ya kila 100 yaliyopigwa leza yalikuwa yamedhibitiwa vizuri, na ya matone yalikuwa 31. Fikiria mkulima wa Same anayepanda basi kufuata kichupa cha dawa kila mwezi, halafu umuulize mfadhili wako kama jibu hilo lilistahili kulipiwa.

Ukitaka mfano wa zamani zaidi, upo Kongwa mkoani Dodoma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzao wa Tanzania walikaa vijijini humo miaka mingi wakifuatilia vikope, yaani trakoma. Mwaka 1995 walichapisha matokeo ya vijiji ambako watoto walipewa dawa ya tetrasaiklini, na baadhi ya vijiji hivyo vikaongezewa kampeni ya kuwanawisha nyuso. Watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali. Leo kunawa uso ni moja ya nguzo nne za mkakati unaotumika duniani kote dhidi ya ugonjwa huo, pamoja na upasuaji, dawa na mazingira safi. Sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwenye kata zenye shida ya maji za Kongwa. Mfadhili akikuuliza Afrika imegundua nini kwenye macho, unalo la kumjibu.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya miaka kumi kabla ya kuchora ramani

Hapa ndipo miradi mingi hufa, na hufa ikiwa imeshapakwa rangi.

Nimewahi kuwa mjumbe wa kamati moja, sitaitaja, iliyofanikiwa kila kitu cha nje. Jengo lilikamilika, utepe ukakatwa, ngoma zikachezwa. Mashine ya kupigia picha ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, ikakaa kwenye boksi lake miezi kumi na minne. Aliyeweza kuitumia alikuwa ameajiriwa kwingine, na bajeti yetu haikuwa na mstari wa mshahara wake. Tulichangia vigae, hatukuchangia mtu.

Kwa hiyo tengeneza safu mbili. Ya kwanza ni ya kujenga: kiwanja, ramani, mchanganuo wa gharama uliofanywa na mkadiriaji majenzi mwenye leseni, vifaa, samani, kisima, jenereta, pamoja na akiba ya angalau 10% kwa bei zitakazopanda. Ya pili ni ya kuendesha kwa miaka kumi: wahadhiri, mafundi wa vifaa tiba, umeme, lenzi na nyuzi, vibali vya utafiti, intaneti, posho za wanafunzi wanaokwenda vijijini, vipuri.

Tuseme, kwa mfano tu, ujenzi na vifaa ni shilingi bilioni 6, na uendeshaji ni milioni 800 kwa mwaka. Kwa miaka kumi uendeshaji ni bilioni 8, na bei hazijapanda hata senti. Safu ya pili imeizidi ya kwanza. Watu huliona hili mara ya kwanza kwenye karatasi na kunyamaza kidogo. Waache wanyamaze.

Milioni 800 hizo zitatoka wapi? Ada za wanafunzi, ruzuku za tafiti, na wagonjwa wanaolipa. Mfano wa kusoma kwa makini uko Madurai, India. Dakta Govindappa Venkataswamy alistaafu serikalini akiwa na miaka 58, na mwaka 1976 akafungua hospitali ya vitanda 11 akaiita Aravind. Mwenye uwezo alilipa, asiye nacho alitibiwa bure, na mapato ya wa kwanza yalimbeba wa pili. Walipoona lenzi za kupandikiza zinauzwa zaidi ya dola 100, mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda chao, Aurolab, na bei ikashuka hadi karibu dola 10. Mwaka huohuo, kwa msaada wa vilabu vya hisani vya Lions, wakaanzisha taasisi ya kufundisha hospitali nyingine namna wanavyofanya. Angalia mpangilio: huduma inayojilipa ilitangulia, shule ikaja baadaye. Kituo cha mafunzo kisicho na wagonjwa wengi mlangoni hakina cha kufundishia.

Kama baada ya ada na wagonjwa bado unapungukiwa milioni 400 kwa mwaka, una njia mbili: kuzitafuta kila mwaka mpaka uzeeke, au kuweka fungu la wakfu, yaani fedha inayowekezwa ili itumike faida yake tu. Fungu ambalo unalitumia 5% tu kwa mwaka, faida inayozidi ukaiacha ndani ili mfumuko wa bei usilile, linahitaji bilioni 8 ili likupe milioni 400. Huwezi kuzipata mara moja. Lakini unaweza kuamua leo kwamba katika kila shilingi 100 itakayoingia, 15 zinakwenda kwenye fungu hilo, na ukaliandika hilo kwenye katiba ya taasisi ili mwenyekiti ajaye asije akalifuta kwa kikao kimoja cha jioni.

Hatua ya 3: Karatasi

Sehemu hii haina raha, basi tuipite haraka. Taasisi isajiliwe kisheria, iwe kwa msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, kama wadhamini kwa RITA (wakala wa usajili, ufilisi na udhamini), au chini ya chuo kikuu au hospitali iliyokwisha kusajiliwa. Njia hii ya mwisho ndiyo nyepesi, na ningekuwa mimi ningeanza nayo. Kiwanja kiwe na hati yenye jina la taasisi, siyo jina la mchungaji wala la mwenyekiti. Programu za masomo zinahitaji idhini ya TCU (tume ya vyuo vikuu) au NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kutegemea ngazi, na tafiti zinahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Anza mapema, maana mfadhili wa utafiti atauliza kibali kabla hajauliza jambo jingine.

Kodi nayo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamruhusu mfanyabiashara kuondoa sehemu ya mchango wa hisani kwenye mapato yanayotozwa kodi, lakini kusajiliwa peke yake hakutoshi. Ni lazima mamlaka ya mapato, TRA, iwe imeitambua taasisi yako kuwa ya hisani. Vilevile, msamaha wa kodi wa vifaa unaombwa kabla meli haijafika bandarini. Ukiuomba baadaye utalipia hifadhi ya kontena kwa pesa za wachangiaji, na hiyo ni barua ngumu sana kuiandika.

Fungua akaunti ya mradi peke yake, yenye watia saini watatu, wawili wakitosha, na wasiwe mtu na mkewe. Najua hili linaonekana kama tusi. Limeandikwa kwa sababu limewahi kutokea.

Hatua ya 4: Weka cha kwako mezani kwanza, kisha panga ngazi za michango

Hospitali ya Moorfields ya London ilianza mwaka 1805, wakati wanajeshi wa Uingereza walipokuwa wakirudi kutoka Misri na ugonjwa wa macho ambao kwa sehemu kubwa ulikuwa trakoma, ndugu wa ule wa Kongwa. Sasa hospitali hiyo na Chuo Kikuu cha UCL wanajenga kituo kipya cha tiba, elimu na utafiti wa macho pamoja, katika eneo la St Pancras. Ujenzi ulianza mwaka 2023. Fedha zake hazikutoka mfuko mmoja: serikali imo, chuo kimo, shirika la hisani la hospitali linachangisha, na kiwanja cha hospitali ya zamani cha City Road kinauzwa ili pesa yake iingie humo. Wenye nyumba wameuza nyumba yao. Mtoaji akiona hivyo, hawezi kusema anaombwa abebe mzigo usio na mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla hujatoka nje, bodi itoe. Kila mjumbe, kwa kadiri yake. Wafanyakazi wa idara ya macho nao watoe hata elfu tano tano. Swali la kwanza la mfadhili mkubwa huwa "ninyi wenyewe mmetoa kiasi gani?" na jibu zuri ni "wote".

Kisha panga ngazi. Kwa lengo la bilioni 6 lile la mfano wetu:

- mchango 1 wa bilioni 1.5
- michango 2 ya milioni 600
- michango 5 ya milioni 200
- michango 15 ya milioni 50
- michango 40 ya milioni 10

Jumla ni bilioni 4.85, kutoka kwa watoaji 63 tu. Inabaki bilioni 1.15 ya umma. Kwa wastani wa shilingi 10,000 kila mtu, hao ni watu 115,000. Sasa unaelewa kwa nini kuanza na umma ni kujichosha. Kwa kila mchango mkubwa, andika majina matatu au manne ya wanaoweza kuutoa, kwa sababu wengi watakataa. Kama huna majina ya kujaza ngazi mbili za juu, lengo lako ni kubwa kuliko marafiki zako. Punguza jengo.

Usitangaze chochote mpaka nusu ya fedha iwe imeingia au imetiwa saini. Kipindi hiki cha kimya kinaweza kuchukua mwaka mzima au miwili. Watu hupenda kuchangia gari linalotembea. Lililozimika barabarani hulipungia mkono tu.

Hatua ya 5: Jua nani hutoa kwa ajili ya nini

Kosa la kawaida ni kupeleka andiko lilelile kwa kila mtu. Wafadhili wengi hawajengi kuta kabisa. Ruzuku za kimataifa za vilabu vya hisani vya Rotary, kwa mfano, huanzia miradi ya dola 30,000, zinahitaji klabu ya hapa na klabu ya nje zishirikiane, na hazijengi majengo ya watu kuishi au kufanyia kazi. Zinaweza kulipia vifaa, mafunzo na ufadhili wa masomo. Ukiwapelekea ramani ya jengo umejinyima. Wapelekee orodha ya darubini za kupasulia na majina ya wanafunzi.

Lions wana historia ndefu na macho. Mwaka 1925 Helen Keller aliwaomba kwenye mkutano wao huko Ohio wawe mashujaa wa wasioona, na tangu 1990 wanaendesha mpango wa SightFirst. Hospitali ya macho ya Loresho, Nairobi, imebeba jina la mpango huo. Maombi kwao hupita kwa Lions wenyewe, hivyo tafuta klabu ya mjini kwako, hudhuria mikutano, wasaidie kambi zao za kupima macho. Ukifika na bahasha siku ya kwanza utapewa chai tu.

Watu binafsi wasidharauliwe. Hyderabad, India, Dakta Gullapalli Rao alirudi kutoka Marekani akiwa na wazo la taasisi ya macho ya tiba, mafunzo na utafiti. L. V. Prasad, mtengenezaji filamu, akatoa rupia milioni 10 na kiwanja cha ekari tano. Taasisi ilifunguliwa mwaka 1987 na mpaka leo ina jina lake. Kila mkoa wetu una mtu wa aina hiyo: mwenye mabasi, mwenye maghala ya mpunga, mwenye shule. Wengi wao hawajawahi kuombwa kitu kikubwa kuliko mabati ya zahanati.

Kwa Waislamu, kituo hiki ni mfano wa wazi wa sadaka jariya, ile ambayo thawabu zake huendelea hata mtoaji akifa, na mafunzo yake ni ile elimu yenye manufaa inayotajwa pamoja nayo kwenye hadithi. Mtoaji anaweza kuweka wakfu duka au nyumba ya kupangisha, kodi yake ikalipa mshahara wa mwalimu mmoja milele. Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mambo haya. Bara, kaa na masheikh na mwanasheria mapema, na uulize waziwazi kipi kinafaa kulipwa kwa zaka na kipi kwa sadaka, kwa kuwa zaka ina watu wake maalumu na ukuta si mmoja wao. Makanisani, omba sadaka maalumu ya Jumapili moja kwa mwaka, kwa tarehe ileile kila mwaka. Ni kiasi kidogo, ila ni cha kutegemewa, na ndicho kinacholipa umeme.

Usiegemee mti mmoja. Mwaka 2025 shirika la USAID lilifungwa, na miradi iliyokuwa ikilitegemea peke yake ikajikuta haina hata pesa ya mafuta ya gari. Weka kanuni kwamba hakuna mfadhili mmoja atakayebeba zaidi ya theluthi moja ya gharama za uendeshaji.

Hatua ya 6: Kikao na mtoaji mkubwa

Nendeni wawili: mmoja anayemfahamu mzee, na mmoja anayeijua kazi, ikiwezekana daktari wa macho mwenyewe. Msiende watano kama wapelekaji posa. Mazungumzo yenye afya huwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Chai ipo. Mama mzima?"

"Mzima, anakusalimu sana. Mzee, tusikuchoshe. Tumekuja kukuomba ubebe mshahara wa mhadhiri mmoja wa upasuaji wa macho kwa miaka mitano. Ni milioni 180."

Halafu nyamazeni. Kimya hiki ni kigumu kwetu, tumelelewa kujaza nafasi kwa maneno, na ndipo utamsikia mwenzako akisema "au hata nusu yake tu, mzee". Amekwisha kukuuza. Mwacheni afikiri.

"Na huyo mhadhiri mnaye, au ndiyo kwanza mnamtafuta?"

Swali kama hilo ni dalili njema. Mtu asiyetaka kutoa haulizi. Mjibuni ukweli, hata kama ni "tunamtafuta, na asipopatikana ndani ya mwaka mmoja tutakurudishia". Mtajieni kiasi kamili, kitu kamili na muda kamili. "Chochote utakachojaliwa" ni maneno ya kuombea mchango wa harusi, na yatakupa mchango wa harusi.

Hatua ya 7: Changizo la umma

Sasa ndiyo fungua milango. Tarehe nzuri ipo tayari: Siku ya Macho Duniani, Alhamisi ya pili ya Oktoba. Fanya upimaji wa bure siku hiyo, watu waone taa ya kupimia macho, wakae kwenye kiti, wasikie majibu yao. Mtu aliyepimwa presha ya macho akaambiwa "uko salama" hutoa kwa moyo mwepesi. Kwa chakula cha jioni hotelini nina shaka. Nimeona ukumbi, mapambo na msanii vikila zaidi ya nusu ya kilichopatikana. Ukilazimika, tafuta mdhamini alipe ukumbi, na utangaze hivyo usiku huohuo.

Michango ya simu ipite kwenye lipa namba yenye jina la taasisi. Namba binafsi ya mweka hazina hapana, hata kama ni mtakatifu. Jina likitokea tofauti kwenye simu ya mtoaji, anasitisha, na yuko sahihi. Kwenye kundi la WhatsApp weka orodha kila jioni: jina au "mdau", kiasi, jumla. Usimpigie mtu kelele hadharani kwa kutotoa.

Kuhusu ahadi: kwenye harambee, mikono huinuka juu kuliko mifuko. Tenga safu tatu kwenye daftari, ahadi ya mdomo, ahadi yenye saini na tarehe, na fedha iliyoingia. Jenga kwa safu ya tatu tu. Mpe mwenye ahadi nafasi ya kulipa kidogo kidogo kila mwezi, na mkumbushe kwa heshima tarehe aliyoichagua mwenyewe. Mgeni rasmi akiahidi kwa niaba ya ofisi, mwandikie barua kesho yake asubuhi, kabla hajahamishwa.

Na picha. Usimpige picha mgonjwa akiwa amefungwa bandeji bila ruhusa yake ya maandishi, aliyosomewa kwa lugha anayoielewa, kabla ya operesheni na tena baada ya kuona. Mwonyeshe picha yenyewe. Wapo wanaoikataa wakishaiona, na hapo imekwisha. Mtoto mwenye saratani ya jicho asitumike kabisa kwenye bango, hata mzazi akikubali. Mzazi aliye kwenye hali hiyo angekubali chochote.

Hatua ya 8: Fedha ikija, jua cha kukataa

Utaletewa mashine kuukuu kutoka hospitali za ng'ambo. Uliza mambo manne: vipuri vinapatikana wapi, nani ataitengeneza, inatumia umeme wa aina gani, na kitabu chake kipo? Majibu mawili yakikosekana, shukuru na ukatae. Gharama ya kusafirisha takataka inalingana na ya kusafirisha kifaa.

Utaletewa pia fedha za utafiti kutoka kwa wauza dawa na lenzi. Zipokee kwa mkataba unaosema mambo mawili: maswali ya utafiti yanawekwa na watafiti, na matokeo yatachapishwa hata yakimuudhi mlipaji. Rudi kwenye ule utafiti wa Moshi: muuza matone angependa usomeke hivyo? Kampuni ikigoma kutia saini, umejua ilichokuwa ikinunua.

Majina ukutani sawa, ila yawe na muda, tuseme miaka 25 kwa chumba. Vyumba vikizeeka utahitaji mtu mwingine wa kuvikarabati, naye atataka jina lake.

Mpangilio wa matumizi ninaoutetea ni huu: ajiri wahadhiri wawili na fundi wa vifaa kwanza, waanze kufundisha kwenye jengo la kuazima la hospitali. Nunua vifaa vya mazoezi. Kisha jenga kwa awamu, darasa na chumba cha mazoezi ya upasuaji kabla ya utawala. Ofisi ya mkurugenzi iwe ya mwisho kupakwa rangi. Mtoaji akija kutembelea baada ya miezi sita atakuta wanafunzi wanashona macho ya mbuzi chini ya darubini, jambo ambalo msingi wa zege hauwezi kumwonyesha.

Hatua ya 9: Barua

Risiti itoke ndani ya siku mbili, hata ya shilingi 1,000. Hesabu zikaguliwe na mkaguzi wa nje kila mwaka, na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili ubandikwe mlangoni na kutumwa kwa kila aliyetoa.

Barua tatu kwa mwaka zinatosha. Ya kwanza iseme kiasi kilichoingia na kilichotoka. Ya pili iandikwe na mwanafunzi mwenyewe kwa mkono wake, kisha ipigwe picha, bila kusahihishwa tahajia. Ya tatu iseme kilichoharibika: mashine iliyoungua umeme uliporudi ghafla, mhadhiri aliyeondoka, utafiti uliokosa washiriki, na mmefanya nini. Kamati nyingi huiogopa barua hiyo ya tatu. Itumeni Novemba, kabla watu hawajapanga pesa za sikukuu, na chini yake muweke lipa namba.